Nisome mastaz ya uhamiaji na sera za jamii? Na mbona propozo yangu haisogei?

Kuna msomaji kaniandikia swali refu, nalifupisha. Ana digrii ya kwanza ya sosholojia, amefanya kazi miaka mitatu kwenye mradi wa wakimbizi, sasa anataka mastaz inayounganisha uhamiaji na sera za jamii kwenye nchi zenye watu wa kila asili. Anauliza mambo matatu: hii kozi ina uzito kweli au ni jina tamu tu, atafanyaje na takwimu maana anaziogopa toka sekondari, na kwa nini kila akikaa kuandika propozo anaandika "changamoto za wakimbizi" halafu anakwama hapo hapo. Kaanza na shikamoo mwalimu.

Marahaba mdogo wangu. Naanza na hilo la tatu kwa sababu ndo limebeba hayo mengine yote. Hukwami kwa kukosa akili wala kusoma kidogo, unakwama kwa sababu "changamoto za wakimbizi" sio swali, ni kabati zima. Na huwezi kutoa kitu kimoja kabatini kama hujajua hii fani inagombania nini, kwa hiyo nivumilie nikueleze kwanza fani yenyewe.

Hapa kuna elimu mbili ambazo kwa muda mrefu zilikua kila moja na njia yake. Moja ni ya watu kuhama. Hii ni ya zamani, mtaalamu wa jiografia Ravenstein alishaandika kanuni zake mwaka 1885 akitumia sensa, akaona kwamba wengi wanaohama hawaendi mbali, kwamba kila mkondo wa wanaoenda una mkondo wa wanaorudi, na kwamba wanawake wanahama kuliko wanaume kwenye safari fupi, jambo ambalo wengi waliofuata walilisahau kwa miongo mingi wakawa wanaandika kama mhamiaji siku zote ni mwanaume. Elimu ya pili ni ya sera za jamii, yaani pensheni, bima ya afya, shule, nyumba, posho ya mtoto, nani anapata na nani analipia. Huko utakutana na mwanasosholojia T.H. Marshall, ambaye mwaka 1949 alitoa mihadhara Cambridge akasema uraia ulikuja kwa ngazi: kwanza haki za kiraia kama kumiliki mali na kwenda mahakamani, halafu za kisiasa, mwisho haki za kijamii. Utakutana pia na Esping-Andersen, ambaye mwaka 1990 aligawa dola la ustawi, yaani dola inayobeba huduma na mafao ya watu wake, kwenye aina tatu.

Sasa tatizo likawa hivi. Hawa wa sera za jamii walichukulia kwamba walio ndani ya uzio ni watu wamoja, wote raia, wamezaliwa humo na watazeekea humo. Swali la "nani yumo" hawakuliuliza kwa sababu waliona jibu liko wazi. Mwaka 2002 Wimmer na Glick Schiller waliandika makala maarufu wakilisema hilo waziwazi, kwamba wanasayansi ya jamii wamevaa miwani ya taifa mpaka wamesahau kama wameivaa. Ukishaisoma ile makala hutasoma tena ripoti yoyote ya serikali kama zamani.

Angalia Ujerumani. Mwaka 1955 walisaini mkataba wa wafanyakazi na Italia, 1961 na Uturuki, wazo likiwa mtu aje, afanye kazi, arudi kwao. Mwaka 1973 wakasimamisha kuajiri wapya. Lakini wengi waliokuwepo hawakuondoka, wakaleta wake na waume na watoto, wakawa wanakatwa michango kwenye mshahara kama mfanyakazi mwingine yeyote, wanapata pensheni, wanapata posho ya watoto, ila kura hawana. Mwanasosholojia Yasemin Soysal alipoandika mwaka 1994 akaonyesha kwamba kwa watu hawa ngazi ya Marshall imegeuzwa, haki za kijamii zimetangulia na za kisiasa zimebaki nyuma. Unaona? Hapo ndipo elimu mbili zikalazimika kukaa meza moja. Kwa hiyo swali lako la kwanza nimeshalijibu, uzito upo, na mimi naona hii ni moja ya sehemu chache kwenye sayansi ya jamii ambapo nadharia inagusana moja kwa moja na sahani ya mtu.

Na swali ambalo fani nzima inazunguka ni hili: jamii ikigawana vya pamoja, inaamuaje nani ni wa kwetu? Hilo tu. Ukilishika hilo, mengine yote yanapata mahali pa kukaa.

Kuna mtafiti anaitwa Wim van Oorschot, yeye alikusanya vigezo ambavyo watu wa kawaida huvitumia, mara nyingi bila kujua, wakiamua nani anastahili kusaidiwa. Viko vitano: kama shida aliyonayo ni ya kujitakia au la, kama anaonyesha shukrani, kama amewahi kuchangia au atakuja kuchangia, kama anafanana na sisi, na kama shida yake ni kubwa kweli. Kwenye utafiti wake wa mwaka 2006 kuhusu nchi za Ulaya alikuta mpangilio unajirudia nchi baada ya nchi, wazee mbele, wagonjwa na walemavu wanafuata, halafu wasio na kazi, na wahamiaji mwisho kabisa. Nchi zina historia tofauti, mifumo tofauti, lakini foleni ile ile. Mi nilipoisoma mara ya kwanza niliiweka chini nikakaa kimya, kwa sababu nilikuwa nimeshawasikia watu wema kabisa, wenye huruma ya kweli, wakitumia vigezo hivyo vitano mmoja baada ya mwingine kwenye kikao kimoja cha mradi, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Na wewe umefanya kazi miaka mitatu kwenye mradi. Kumbuka vikao vyenu, utavisikia.

Baada ya hapo shuka kwenye sheria, uone vigezo hivyo vinavyovaa suti. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ibara ya 23, unasema mkimbizi anayeishi nchini kihalali apewe msaada wa umma sawasawa na raia. Sawa na raia, sio "inapowezekana". Halafu nenda Marekani, sheria yao ya ustawi ya 1996 iliwawekea wahamiaji wengi halali kusubiri miaka 5 kabla ya kupata misaada mikubwa ya serikali kuu. Nenda Denmark, mwaka 2002 walileta posho ya kuanzia maisha, ndogo kuliko msaada wa kawaida, kwa yeyote ambaye hajakaa nchini miaka 7 kati ya 8 iliyopita, wakaifuta 2012 ikarudi kwa sura nyingine 2015. Hii ya Denmark isome polepole. Kigezo hicho cha miaka hakimtaji mgeni, kwa maandishi kinamgusa hata raia aliyekaa nje muda mrefu, lakini we jiulize kinamkamata nani hasa. Sera ya jamii ina uwezo wa kuchagua watu bila kuwataja, na kazi ya msomi wa fani hii ni kuwa na jicho la kuona hilo.

Utakutana pia na ule mjadala mkubwa, kwamba eti jamii ikichanganyika watu wanapoteza kuaminiana na dola la ustawi linakufa. Gary Freeman alilisema mapema, 1986, kwamba ustawi unahitaji uzio na uhamiaji unaubomoa. Robert Putnam mwaka 2007 akaja na data za Marekani, akasema kwenye mitaa yenye mchanganyiko watu hujikunja ndani kama kobe, hata hao wanaofanana hawaaminiani, ingawa wengi wanaomnukuu wanaruka sehemu aliyosema kwamba kwa muda mrefu mchanganyiko una faida na jamii hujenga "sisi" mpya. Mwaka 2020 Dinesen na wenzake walipitia tafiti 87 za jambo hili wakakuta uhusiano hasi upo lakini ni mdogo. Mdogo! Kwa hiyo mtu akikuambia mchanganyiko unaua mshikamano, na mwingine akikuambia hakuna shida yoyote, wote wawili hawajasoma vizuri. Wewe soma pande zote, usiingie darasani ukiwa umeshachagua timu. Nalisema hili kwa sababu wanaotoka kwenye miradi, na nakupenda kwa hilo, mnakuja na moyo mkubwa, na moyo unawafanya mziruke makala zinazowaudhi.

Sasa turudi kwenye kabati lako. Sheria ni nusu ya habari. Michael Lipsky mwaka 1980 alionyesha kwamba sera yenyewe, ile inayomfikia mtu, inatengenezwa na mtumishi wa mbele, mwalimu, nesi, askari, karani wa dirishani, kwa sababu yeye ana watu wengi, muda mdogo, na uhuru fulani wa kuamua. Mimi hii ndo imani yangu ya kazi, nimeshasimamia tasnifu nyingi na zile zilizosimama imara karibu zote zilianzia dirishani.

Nakupa mfano mmoja. Nilikuwa na mwanafunzi kama wewe, kaja na "changamoto za wakimbizi wajawazito katika kupata huduma za afya". Kabati. Nikamwambia nenda kliniki moja, kaa wiki mbili, usihoji mtu, tazama tu foleni inaendaje. Akarudi amekasirika, anasema mwalimu, sheria inawaruhusu, waraka wa wizara unawaruhusu, bango limebandikwa ukutani linawaruhusu, lakini kwenye kompyuta ya usajili kuna kisanduku cha namba ya kitambulisho kinachokubali tarakimu tupu, na namba ya mkimbizi ina herufi mbili mbele. Karani akiandika, mashine inakataa. Karani mmoja anamwambia mama arudi kesho, mwingine anaweka sifuri mahali pa herufi mama anaingia, wa tatu anatumia namba ya mgonjwa aliyetangulia. Huduma ile ile, siku ile ile, mama watatu na majibu matatu. Tasnifu yake ikawa kuhusu kisanduku kile na makarani watatu, na kupitia kisanduku kile akaongea na Lipsky, akaongea na Marshall, akaonyesha jinsi haki inavyoweza kuwepo kwenye sheria na ikafia kwenye fomu. Ni kazi nzuri kuliko nyingi za PhD nilizosoma.

Kwa hiyo nakutaka ufanye hivi, na ufanye kabla hujagusa fomu ya maombi ya chuo chochote: chagua huduma moja, kundi moja la watu, na mlango mmoja ambapo hao wawili wanakutana. Sio afya, ni usajili wa kliniki. Sio elimu, ni siku mtoto anaandikishwa shule bila cheti cha kuzaliwa. Sio ajira, ni pale mtu mwenye digrii ya uuguzi anapoambiwa cheti chake kinatakiwa kihakikiwe na chuo kilichopo kwenye nchi yenye vita. Sio hifadhi ya jamii kwa ujumla, ni mfanyakazi aliyechangia mfuko wa pensheni miaka 8 kwenye nchi moja na 9 kwenye nyingine na kila nchi inamwambia miaka yako haitoshi. Hilo la pensheni lina utajiri ajabu na wanafunzi wanaliogopa kwa sababu linaonekana kavu. Umoja wa Ulaya wana kanuni yao ya mwaka 2004, namba 883, inayojumlisha vipindi vya michango vya nchi mbalimbali ili mtu asipoteze, Shirika la Kazi Duniani lina Mkataba 118 wa 1962 kuhusu usawa wa wageni kwenye hifadhi ya jamii, lakini wahamiaji wengi mno duniani wako nje ya mipango ya namna hiyo, wanakatwa kila mwezi na hawatakiona kile walichokatwa. Kama huna mada, hii hapa nakupa bure.

Kuhusu takwimu. Usizikimbie, na wala usijilazimishe kuwa mtu wa takwimu. Unachohitaji ni kuweza kusoma jedwali la mtu mwingine ukajua anakudanganya au la. Umoja wa Mataifa wanasema mwaka 2024 wahamiaji wa kimataifa walikuwa milioni 304, ni kama asilimia 3.7 ya watu wote duniani. Mtu wa siasa atachukua hiyo milioni 304, wewe jifunze kuuliza hiyo asilimia, na uliza wanamhesabu nani. Waliolazimika kukimbia makwao mwishoni mwa 2024 walikuwa milioni 123.2 kwa hesabu za UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, lakini zaidi ya nusu ya hao hawajavuka mpaka wowote, ni wakimbizi wa ndani, hawamo kwenye ile 304. Unaona namba mbili zinavyoweza kupishana bila yoyote kuwa ya uongo? Hiyo ndo takwimu unayoihitaji kuanzia, na hiyo unaiweza.

Halafu kuna jambo ambalo naona halifundishwi vya kutosha, kwamba dola ikichagua cha kuhesabu imechagua pia cha kuonekana. Uingereza sensa yao inauliza kabila au asili ya mtu tangu 1991, Ufaransa sensa yao haiulizi kabisa kwa msingi kwamba jamhuri haigawanyiki. Matokeo yake Uingereza mtafiti anaweza kukuonyesha pengo la ajira kati ya makundi kwa kufungua jedwali, Ufaransa inabidi azunguke, atumie nchi alikozaliwa mzazi, au afanye jaribio la kutuma maombi ya kazi yenye majina tofauti aone nani anaitwa. Wapo wanaosema kuhesabu kunagawa watu, wapo wanaosema kutohesabu kunaficha ubaguzi. Mimi niko na hawa wa pili, ila naheshimu hofu ya wa kwanza kwa sababu orodha za makabila zimeshatumika vibaya sana kwenye historia.

Na kama utafanya mahojiano, nakuomba sana, maadili usiyaone kama fomu ya kupita. Mtu asiye na karatasi akikupa jina lake na mtaa wake amekupa kitu kinachoweza kumfukuzisha. Usikiandike. Usikihifadhi kwenye simu. Kwenye tasnifu badilisha hata kazi yake kama kazi hiyo inamtambulisha. Na usimwahidi kwamba utafiti wako utamsaidia, kwa sababu wewe uliyefanya kazi kwenye mradi atakuona bado ni mtu wa mradi, ataona ukija na daftari umekuja na msaada, na atakujibu kile anachodhani kitamweka kwenye orodha. Hili litakusumbua kuliko nadharia zote, lifikirie mapema, ikibidi fanya utafiti sehemu ambayo hujawahi kufanya kazi.

Kuchagua chuo nitapita haraka. Usichague kwa jina la kozi, majina yanafanana na yaliyomo hayafanani. Fungua orodha ya moduli uone kama sera za jamii zimo kweli au ni uhamiaji mtupu wa mipaka na usalama uliopambwa, halafu tafuta walimu watatu wa hapo, soma makala moja moja ya kila mmoja, ukikuta hakuna hata mmoja anayeuliza kitu kinachokaribiana na mlango wako, achana nacho hata kama ni chuo kikubwa. Oxford wana kituo cha masomo ya wakimbizi alichoanzisha Barbara Harrell-Bond mwaka 1982, chuo kikuu cha Wits kule Johannesburg wana kituo chao cha uhamiaji na jamii, kwenye mpango wa Umoja wa Ulaya uitwao Erasmus Mundus kuna mastaz za pamoja zinazokupitisha nchi zaidi ya moja na zenye skolashipu. Angalia pia urefu, kwa hesabu za Ulaya kuna mastaz za krediti 60 za mwaka mmoja na za 120 za miaka miwili. Mimi kwa mtu anayetaka kwenda uwanjani kweli kukusanya data nampa ya miaka miwili, ya mwaka mmoja unamaliza kusoma nadharia siku ambayo tasnifu inatakiwa. Na maombi ya skolashipu unajaza mwenyewe, mtu asikutoze hela kukufungulia tovuti ambayo iko wazi.

Ile barua ya maombi sasa. Nimesoma mamia. Karibu zote zinaanza na "tangu utotoni nimekuwa na shauku ya kusaidia watu" na mezani zinafanana kama mayai. Wewe una miaka mitatu ya kuona mambo kwa macho. Anza na siku moja, mlango mmoja, kitu kimoja ulichokiona hakikuingia akilini, useme kilikushinda kuelewa wapi, na unadhani kozi yao ina chombo gani cha kukusaidia. Kurasa mbili zinakutosha.

Ajira hukuuliza ila najua inakusumbua. Wanaosoma hii wanaishia serikalini kwenye wizara za kazi na ustawi, kwenye halmashauri za miji, mashirika ya kimataifa, vyama vya wafanyakazi, utafiti. Nafasi za mashirika makubwa ya wakimbizi zinapanda na kushuka kulingana na wafadhili, zisiwe ndo mpango wako pekee. Wanaoelewa pensheni na bima za watu wanaovuka mipaka ni wachache kuliko wanaoelewa kambi, nakurudisha kule kule nilikokupa mada ya bure.

Fanya hivi basi. Wiki hii kaa uandike milango mitano uliyoiona ndani ya ile miaka mitatu, kila mmoja sentensi tatu tu: nani alikuja, aliomba nini, aliambiwa nini. Usiweke nadharia yoyote, usiweke neno "changamoto" hata mara moja. Nitumie, nami nitakuambia upi una tasnifu ndani yake.